Nani Ulimwona Majini

"Andika tu unachoona," Fosia alisema.

Ardo alisogeza laptop karibu, akaisogeza mbali, akachukua miwani ya mumewe juu ya friji. Kwenye skrini, kwenye fomu ya kujisajili, kulikuwa na herufi zimepinda kama zimelewa, na mstari umepita katikati yao. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayebonyeza kidonda. Laptop ikafikiria. Halafu ikatoa maandishi mekundu.

"Imesema nini?"

Fosia alisita. "Imesema ujaribu tena, hooyo. Haina uhakika kama wewe ni mtu."

"Wallahi?" Ardo alivua miwani. "Wewe nimekuzaa kilo nne na nusu, halafu kompyuta ya shule inaniambia mimi si mtu?"

Kulwinder alicheka mpaka bangili zikalia. Alikuwa amekaa upande wa pili wa meza ya jikoni, koti hajavua, kwa sababu upepo wa mtaa wa Castle Vale ulikuwa umemfuata mpaka ndani. Kulwinder ni Singasinga wa Nakuru. Alikuja Birmingham akiwa msichana, lakini Kiswahili chake alikibeba chote, na kwa Ardo hakuongea lugha nyingine. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia Saa ya Akina Mama pale bwawa la kuogelea: kila Jumapili asubuhi wanaume wote wanatolewa, madirisha yanafunikwa mapazia meusi, na wanawake wanaingia majini bila wasiwasi. Wasomali, Wapunjabi, Wakongo, hata Maureen wa nyumba ya jirani, mzungu, ambaye alisema mishipa ya miguu yake haikuumbwa ionekane na mwanamume yeyote.

Na sasa Saa ya Akina Mama ilikuwa inataka kufa.

"Sikia, Mama Fosia," Kulwinder alisema. "Booking inafunguliwa Alhamisi saa mbili usiku. Kabla mtu hajapanguza mikono ashike simu, kwisha! Nafasi thelathini zote, kwisha. Lakini Jumapili mimi nahesabu vichwa ndani ya maji, ni tisa. Leo pia tisa. Sasa meneja amekasirika. Anasema nyinyi mnabook, hamkuji. Mwisho wa mwezi anachukua hiyo saa anapatia watoto wa swimming lessons."

"Ni bot," Fosia alisema, akiangalia meza. Alikuwa na miaka kumi na sita na aliongea na watu kama anayewaomba msamaha. "Ni programu, Aunty. Inajifanya mtu, inabook haraka kuliko mtu."

"Eh! Sasa ndiyo nimekuja kwako. Mlangoni wameweka tablet, inakuuliza kama wewe ni roboti ndiyo uingie. Lakini kwa website ya booking hakuna kitu. Mlango umefungwa kufuli, dirisha liko wazi! Meneja amekubali tuweke ile kitu, ya kuuliza maswali..."

"Kapcha."

"Hiyo. Wewe tengeneza. Ya watu wetu. Roboti isiweze, mama yako aweze."

Tahlil, baba yake Fosia, aliingia jikoni na soksi, ametoka kulala. Usiku alifanya kazi ghala la vifurushi. Alimsalimu Kulwinder, akafungua friji, akauliza bila kugeuka, "Mama Fosia, leo maji yalikuwaje?"

"Matamu," Ardo alisema haraka. "Ya moto kabisa. Goti limefunguka."

Kulwinder alifungua mdomo. Akaufunga. Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa.

"Umeona?" Tahlil alimwambia Kulwinder, uso umejaa furaha. "Tangu aanguke kazini, daktari alisema dawa yake ni maji tu. Sijawahi kuacha akose nafasi. Hata Jumapili moja."

"Nimeona," Kulwinder alisema.

Kulwinder alipoondoka, Fosia alichukua begi la mama yake pale mlangoni atoe taulo alianike kwenye hita. Taulo lilikuwa limelowa. Alilinusa, kwa sababu alikuwa na tabia ya kunusa vitu, vitabu, mikono yake, mvua. Lilinukia maua. Kama ile sabuni ya maji ya kubonyeza ya vyoo vya supamaketi. Labda bwawa wamebadilisha dawa, alifikiria, akalianika.

*

Wiki ile Fosia hakuwa na akili ya kitu kingine. Swali lilimkaa kama punje ya mahindi kwenye jino: mtu anajua nini ambacho mashine haijui?

Alianza na zile herufi zilizopinda. Akatafuta programu ya bure ya kusoma picha, akailisha herufi zake. Ikazisoma zote, hata moja aliyoipinda mpaka yeye mwenyewe akasahau ilikuwa nini. Akajaribu picha za mabasi na taa za barabarani. Programu ikachagua bila kukosea. Mama yake alikwama kwenye picha ya kwanza.

"Hii ni basi?" Ardo aliuliza.

"Ni kona ya basi, hooyo. Kipande cha kioo tu."

"Sasa nibonyeze au nisibonyeze? Kipande cha basi ni basi?"

Fosia alifikiria. "Sijui," alisema, na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomfurahisha. Mashine haikuwahi kuuliza kama kipande cha basi ni basi. Ilijibu tu. Mama yake ndiye aliyeuliza, na mama yake ndiye aliyefeli.

"Mimi nadhani tunafanya vibaya," alimwambia Kulwinder kwa simu. "Tunapima watu kwa vitu ambavyo mashine inaviweza zaidi."

"Sasa?"

"Sasa sijui. Nitamuuliza hooyo."

Ardo alikuwa anakanda unga wa sambusa, ameegemea sinki ili goti lipumzike. Fosia alikaa juu ya kapeti la mlangoni, mahali alipopenda kukaa.

"Hooyo, kule Garissa, kama kuna kitu kidogo na watu wengi, mlijuaje nani ana haki?"

"Kitu gani?"

"Chochote. Nafasi."

"Maji," Ardo alisema mara moja. "Pale kioski ya maji. Unafikiri tulisimama na jua lile? Mtungi ndio unasimama. Unaweka mtungi wako kwa laini, unaenda zako, unapika, unasuka mtu nywele. Mtungi umesimama badala yako. Maji yakija, unarudi."

Fosia aliinua kichwa. "Kwa hiyo mtungi ni kama wewe."

"Mtungi ni mimi. Ukiusukuma mtungi wangu umenisukuma mimi. Watu wamepigana!"

Fosia alikimbia kuchukua kalamu. Jioni ile alichora bomba moja na mitungi mitano ya plastiki kwenye laini: wa njano wa mbele, wa mama mjamzito, wa mzee, wa mwanamume mwenye punda, na mwisho kamtungi kadogo ka mafuta ya kupikia, ka mtoto. Juu aliandika: *Sasa ni zamu ya nani?* Mtu yeyote aliyewahi kupanga mtungi angejua. Mashine ingejulia wapi?

Jumamosi alikusanya watu jikoni. Mashine ilichagua mtungi wa mbele. Kulwinder pia alichagua wa mbele, na akajivuna.

"Foleni ni foleni," alisema. "Nakuru hatukucheza."

Maureen aliangalia kwa muda mrefu. "Hii ni petroli, mpenzi?" aliuliza kwa Kiingereza. "Kwa nini petroli inatoka bombani?"

Ardo alibonyeza kamtungi ka mwisho. Nyekundu.

"Hooyo! Wa mbele ndiye wa kwanza."

"Najua wa mbele ni wa kwanza, mimi si mjinga. Lakini huyu ni mtoto. Mtoto hawezi kuachwa juani. Unamjazia kwanza, anaenda. Halafu mjamzito. Halafu ndiyo foleni inaanza."

"Hiyo si foleni, hiyo ni harambee," Kulwinder alisema.

"Basi nyinyi wa Nakuru hamkuwa na watoto!"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Maureen alitaka atafsiriwe, akatafsiriwa, akaunga mkono upande wa mtoto, akasema hata kwenye duka la samaki na chipsi mtoto hupitishwa. Fosia aliangalia karatasi yake. Waliojibu sawasawa na jibu lake walikuwa Kulwinder na mashine. Aliyejibu kama mtu alikuwa mama yake, na mama yake alipata nyekundu tena.

Tahlil alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, kikombe mkononi.

"Na hii kitu itaanza lini?" aliuliza.

"Alhamisi, aabo. Nikimaliza."

"Alhamisi hii?" Akanywa chai. Ikampalia, akakohoa. "Na watu wenye nafasi zao za kawaida? Watu wa kila wiki?"

"Wote watajibu swali."

Tahlil alitikisa kichwa, akarudi chumbani bila kuaga.

Ardo alikuwa anafuta unga mezani. "Lakini kuna kitu kimoja sikukwambia," alimwambia Fosia. "Mitungi mingine haikuwa na mtu. Mtu amehama, mtu ameolewa mbali, mtungi umebaki kwa laini unazuia wengine. Hiyo tulikuwa tunaiinua juu hivi, mtu anapiga kelele: mtungi wa nani huu? Mtungi wa nani huu? Mtungi wa nani huu? Mara tatu. Kama kuna anayekujua, anasema, huo ni wa Ardo, amekwenda kujifungua, acheni. Kama hakuna anayejua..." Akatupa kitambaa kwenye sinki. "Unatolewa."

Kalamu ya Fosia ilikuwa imesimama hewani.

*

Kapcha mpya haikuwa na picha wala herufi. Ilikuwa na swali moja na majina matatu.

*Jumapili iliyopita, nani ulimwona majini?*

Aliyekuwepo angejua. Hahitaji kusoma vizuri, majina yangesomwa kwa sauti ukibonyeza spika. Hahitaji kujua taa za barabarani za Uingereza. Mgeni ambaye hajawahi kuja angeletwa na mwenyeji: mwanamke aliyejibu sawa angeweza kuongeza mwenzake mmoja. Na programu ingejua nini? Programu haijawahi kulowa.

"Hii!" Kulwinder alipiga meza. "Hii ndiyo yenyewe!" Halafu akanyamaza, uso ukabadilika kidogo. "Majina ya walioingia majini nitaweka mimi mwenyewe. Kwa simu yangu. Wewe usiangalie."

"Lakini Aunty, nahitaji kujaribu kama..."

"Jaribu na majina ya uongo. Ya kweli ni mambo ya watu wazima. Umesikia, beta, mwanangu?"

Fosia alisikia, ingawa hakuelewa.

Alhamisi saa mbili usiku walikuwa wote sebuleni. Tahlil alikuwa ameacha basi lake la kawaida lipite, amevaa tayari jaketi lake la kazi lenye mistari ya kung'aa, simu ameishika kwa mikono miwili. Fosia aliangalia laptop. Saa mbili ikafika. Wiki zote zilizopita, hapa ndipo nafasi thelathini zilipopotea kama sukari kwenye chai. Sasa zilibaki thelathini. Zikabaki. Halafu moja ikaondoka, polepole, kama mtu anayevaa viatu: Kulwinder. Halafu nyingine: Maureen.

"Imefanya kazi," Fosia alinong'ona. "Hooyo, imefanya kazi!"

Simu ya Tahlil ikalia. Aliikata. Ikalia tena. Akaipokea, na kwa bahati mbaya akabonyeza spika.

"Papa Fosia!" Ilikuwa sauti ya Cyriaque, Mkongo aliyefanya naye kazi ghalani, fundi wa kompyuta za watu. "Machine inakatala! Iko inauliza swali, nani ulimuona mu maji. Mimi najua wapi, nani alikuwa mu maji? Majina yote imekatala. Ya bibi yako Ardo, ya Minal, ya Mama Saido, yote. Nifanye nini?"

Tahlil alizima simu. Friji ilinguruma jikoni.

"Bot ni yako?" Fosia aliuliza. Hakuwahi kumuuliza baba yake swali kwa sauti ile, na wote wawili walishtuka.

"Si bot. Ni... Cyriaque aliniandikia kitu kidogo. Kinamwekea mama yako nafasi. Saa mbili mimi niko kwa basi naenda kazini, yeye macho hayasomi vizuri, wewe una homework. Unakumbuka siku ile, kabla ya hiki kitu, alikosa nafasi? Alikaa pale kwa ngazi na begi lake mpaka saa saba mchana. Mimi niliona." Alikuwa anaongea akiangalia jaketi lake. "Halafu wanaume wengine kazini wakasikia. Cyriaque akaongeza wake zao. Ni mtungi tu, Fosia. Mama yako mwenyewe amekwambia. Mtungi unasimama, mtu anakuja."

"Minal alihamia Leicester mwaka jana, aabo."

"Minal amehama?"

"Mama Saido yuko Nairobi tangu Ramadhani. Programu haijui. Inaendelea kuwawekea nafasi kila wiki. Watu hawaji kwa sababu hawapo. Ni mitungi mitupu!"

Tahlil alikaa. Mistari ya jaketi ikang'aa kwenye mwanga wa TV. Ilikuwa ajabu kumwona mwanamume mkubwa namna ile amekaa ukingoni mwa sofa kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Nilitaka tu asikose maji," alisema.

Fosia alimgeukia mama yake na laptop.

"Haidhuru, hooyo. Nafasi zipo nyingi sasa. Wewe jibu mwenyewe, ni rahisi. Hata kusoma huhitaji." Alibonyeza spika, na sauti ya mashine ikasoma majina kwa lafudhi ya ajabu: Kulwinder. Rukiya. Minal. "Mmoja wao tu hakuwepo. Umeshajua ni nani, tumemtaja sasa hivi. Bonyeza wawili waliokuwepo."

Ardo alibonyeza Kulwinder. Akabonyeza Rukiya. Kijani.

"Umeona?" Fosia alisema. "Sasa linakuja la pili, ili kuhakikisha."

Sauti ikasoma: Fadumo. Jatinder. Nasteho.

Kidole cha Ardo kilisimama juu ya skrini. Kikaenda kwa Fadumo, kikarudi. Kikaenda kwa Nasteho. Tahlil aliinua kichwa.

"Si Nasteho ni rafiki yako?" alisema. "Alikuja au hakuja?"

"Nasteho..." Ardo alisema. "Nasteho kawaida anakuja."

"Jumapili hii, hooyo."

Ardo aliondoa kidole. Akaikunja mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine.

"Sijui," alisema.

Fosia aliona taulo. Hakujua kwa nini alilikumbuka wakati ule, lakini alilikumbuka, zito, limelowa, linanukia maua.

"Jumapili maji yalikuwa ya moto?" aliuliza, taratibu sana.

"Yalikuwa..."

"Boila ilikuwa imeharibika, hooyo. Maureen ameniambia jana. Walitetemeka wote, wakatoka mapema."

Halafu Ardo akacheka, kicheko kidogo kisichofika popote.

"Basi," alisema, akajigusa kifua. "Mtungi wa nani huu?"

*

Aliwaambia bila kulia. Ardo hakuwa mtu wa kulia. Alisema tangu waweke ile tablet mlangoni hakuwahi kuingia. Siku ya kwanza ilimwambia achague taa za barabarani. Alichagua. Ikamletea nyingine, pikipiki. Akachagua. Ikamletea ngazi. Foleni nyuma yake ikarefuka. Msichana wa mapokezi, kijana tu, mwenye kucha ndefu, hakuwa mbaya, lakini alikuja akamwinamia, akasema kwa sauti kubwa na polepole kama anaongea na kiziwi: *Can, you, read, darling?* Na watu wote wakageuka.

"Ningesema nini? Naweza kusoma. Nilisoma mpaka la saba. Lakini ningeanza kueleza pale? Nikasema nimesahau kitu kwa gari. Hata gari hatuna."

"Ukaenda wapi?" Tahlil aliuliza.

"Supamaketi. Kuna benchi pale karibu na maua. Nikakaa mpaka saa mnayonitarajia nyumbani." Aliangalia mikono yake. "Taulo nilililowesha kwenye sinki ya choo."

"Kila Jumapili?"

"Ulikuwa unauliza maji yalikuwaje, Baba Fosia. Unauliza na furaha. Ningekwambia nini?"

Tahlil alifunika uso kwa mikono. Programu yake haikuwahi kukosa hata wiki moja. Ilimwekea mke wake nafasi ya kukaa kwenye benchi.

"Kulwinder anajua?" Fosia aliuliza.

"Kulwinder anahesabu vichwa. Anajua. Hakuniuliza." Ardo alinyanyuka, akashika meza kwa sababu goti lilikataa. "Na wewe zima hiyo kitu. Umeifanya vizuri. Mashine imekamata bot, na imenikamata na mimi."

Alipotoka, Tahlil alichukua simu. Aliizungusha mara kadhaa, kisha akapiga.

"Dada Kulwinder, shikamoo. Ndiyo. Ndiyo, tumeona. Sikia dada, ile bot... ile bot ni yangu."

Hata bila spika Fosia alisikia kila neno. "Bot yako? Tahlil, wewe? Kwa harusi ya Ranvir wetu ulishindwa kufungua Zoom!"

"Alinisaidia mtu."

"Mwambie huyo mtu azime leo! Leo! Ama nitakuja ghalani niwashike masikio nyote wawili!" Halafu sauti ikashuka, na Fosia hakusikia tena. Alimwona tu baba yake anaitikia kwa kichwa, anaitikia, kama Kulwinder angeweza kumwona.

Dakika chache baadaye, kwenye laptop, chini ya jina la Kulwinder, mstari ukaongezeka wenyewe. *Mwenyeji: Kulwinder. Mgeni: Ardo.*

*

Jumapili upepo ulikuwa mkali. Kulwinder alikuja kumchukua Ardo mlangoni, na Fosia akafuata nyuma na begi. Meneja alikuwa amesimama kwenye mapokezi na kalamu, mwanamume mwembamba mwenye tai yenye nembo ya bwawa, ametangaza kwamba leo atahesabu mwenyewe. Kama namba hazilingani, basi. Saa ni ya watoto.

Tablet ilikuwa pale pale. *Chagua picha zote zenye pikipiki.* Ardo aliiona, hatua zake zikafupika.

"Hapana," Kulwinder alimwambia meneja kwa Kiingereza. "Wewe unataka kuhesabu watu, hesabu watu. Mimi nitawaita." Akaning'iniza mkoba wake juu ya tablet, ukaifunika yote.

Meneja aliangalia mkoba. Msichana wa kucha ndefu akaangalia meneja. Nyuma yao Maureen alisema kwa sauti kwamba kuna baridi na yeye ana miaka sabini na mbili. Meneja akainua mabega.

Kulwinder aliita kwa sauti ya sokoni. Jina likiitwa, wanawake wawili watatu wanajibu pamoja, huyu hapa, na aliyeitwa anapita. Fosia aliona kwamba hakuna aliyejibu mwenyewe. Kila mmoja alijibiwa na wenzake.

"Ardo!"

Ardo alifungua mdomo. Kabla hajasema, Nasteho akasema huyu hapa. Rukiya akasema huyu hapa. Na Maureen, ambaye hakujua neno lenyewe lina maana gani, akalisema pia, vibaya kabisa, na wote wakacheka. Ardo akapita, fimbo yake ikigonga sakafu.

Mapazia meusi yakafungwa. Fosia hakuingia, aliogopa maji na aliogopa zaidi kuvua koti mbele ya watu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akisikiliza. Kwanza ulikuwa mwangwi tu. Halafu akasikia sauti moja ikipiga ukelele wa baridi, kwa Kisomali, neno ambalo mama yake alimkataza kulisema, na wanawake wote wakalipuka kicheko.

Meneja alipokea karatasi kutoka kwa mwanamke mwokoaji aliyehesabu vichwa ndani. Akahesabu majina kwa kalamu, akahesabu tena.

"Kumi na sita," alisema, hakumwambia mtu hasa. "Waliobook kumi na sita. Walio ndani kumi na sita." Alimwona Fosia. "Wewe ndiye uliyetengeneza lile swali?"

Fosia aliangalia viatu vyake. "Ndiyo."

"Nilijaribu Alhamisi. Nilishindwa."

"Hukuwa majini," Fosia alisema, halafu akaona aibu, lakini meneja alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika kwamba mwezi ujao saa itaendelea, na baada ya hapo wataangalia.

Nyumbani Fosia alifungua begi. Taulo lilikuwa limelowa mpaka katikati. Alilinusa. Dawa ya bwawa, kali, ikamchoma pua mpaka macho yakatoa machozi. Tahlil alikuwa ametoka kulala, amesimama mlangoni na soksi zake. Alitaka kuuliza. Ilionekana alitaka, lakini hakujua tena namna ya kuuliza.

Fosia akamrushia taulo.

Alilidaka, akaliweka usoni, akavuta pumzi.

"Yalikuwa baridi kama ya mochwari!" Ardo alipiga kelele kutoka jikoni. "Boila bado! Nasteho alikuwepo, Fadumo alikuwepo, Jatinder alitoka nusu saa kabla, meno yanagongana. Niulizeni mtu yeyote!"